Reggane: Bomu la Ufaransa Katika Jangwa la Wengine

Asubuhi na mapema, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki. Haikulilipua Ufaransa. Ililipua katika jangwa la Sahara, kusini mwa Algeria, mahali paitwapo Hammoudia, kilomita 50 hivi kutoka mji mdogo wa Reggane. Nguvu ya mlipuko huo ilikuwa sawa na tani 70,000 za baruti ya TNT, zaidi ya mara nne ya bomu lililoiteketeza Hiroshima. Wataalamu walilipa jina la Gerboise Bleue. Gerboise ni panya mdogo wa jangwani mwenye miguu mirefu ya kurukia, na buluu ni rangi ya kwanza ya bendera yao. Jenerali Charles de Gaulle alituma salamu za shangwe, akitamka kwamba tangu asubuhi ile Ufaransa ilikuwa na nguvu zaidi na fahari zaidi.

Vitabu vyetu vya historia huuita mwaka 1960 Mwaka wa Afrika, kwa kuwa nchi 17 za bara hili zilipata uhuru katika muda wa miezi kumi na miwili. Katika miezi hiyohiyo ardhi ya Afrika ilipigwa na milipuko mitatu ya atomiki. Jambo la kwanza kila mwanafunzi ninayempokea chuoni analijua. La pili ni wachache mno waliolisikia.

Naandika makala hii kwa sababu mambo haya yanarejea mezani. Machi 2025 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba anafungua mjadala wa kuona kama silaha za nyuklia za nchi yake zaweza kuwalinda pia washirika wake wa Ulaya. Nasi huku, katika kumbi za mihadhara na katika mazungumzo ya vijana, hoja kwamba Afrika haitaheshimiwa mpaka iwe na bomu lake inasikika tena. Wanazuoni wa mambo ya usalama huiita falsafa iliyo nyuma ya silaha hizi kinga ya vitisho: unamiliki silaha ya kutisha mno ili adui asithubutu kukugusa, na kwa hiyo silaha hutengenezwa ili isitumike kamwe. Tunapoijadili, huuliza kama kinga hiyo inamzuia adui. Mimi nataka tuulize kwanza maswali mengine: lilijaribiwa wapi, kwa idhini ya nani, na nani aliyebaki na majivu?

Tuanze kwa kuitendea haki Ufaransa, maana hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1940 ilishindwa na Ujerumani katika muda wa wiki sita. Mwaka 1954 jeshi lake lilisalimu amri Dien Bien Phu, Vietnam. Mwaka 1956, ilipoivamia Misri pamoja na Uingereza na Israeli kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Umoja wa Kisovieti uliitisha na Marekani, rafiki yake mkubwa, ikailazimisha kuondoka. Viongozi wa Paris walitoka katika fedheha hiyo na funzo moja: asiye na bomu lake husubiri ruhusa ya mwenye nalo. Ndiyo maana mradi haukuanzishwa na de Gaulle peke yake, kama wengi wadhanivyo. Serikali ya Pierre Mendès France ilikwisha kuujadili mwishoni mwa 1954, na Aprili 1958 Waziri Mkuu Félix Gaillard alitia saini amri kwamba jaribio la kwanza lifanyike mwanzoni mwa 1960. De Gaulle aliporudi madarakani miezi michache baadaye alilikuta jambo limeiva, akalipa falsafa na sauti.

Falsafa hiyo iliandikwa vizuri na maofisa kama Jenerali Pierre Gallois. Alisema kwamba nchi ndogo haihitaji mabomu mengi kama ya taifa kubwa. Inahitaji machache tu, yenye uwezo wa kumdhuru mkubwa kuliko faida ambayo angeipata kwa kumteka mdogo. Nyuki hamshindi simba kwa nguvu, lakini simba hufikiri mara mbili kabla ya kuutia mkono mzinga. Ni hoja safi, na mtu wa nchi ndogo akiisoma huipenda haraka. Kasoro yake haionekani ndani ya hoja yenyewe. Huonekana pale nyuki wanapohitaji mahali pa kujifunzia kuuma.

Bomu haliwi kinga mpaka adui aamini kwamba linalipuka, na ili aamini ni lazima lilipuliwe. Wapi? Sahara ilichaguliwa, na eneo la kusini-magharibi mwa Reggane likaelezwa kuwa ni tupu. Ni kweli kwamba Tanezrouft, jangwa lililo jirani, hujulikana kama nchi ya kiu, na watu ni wachache. Lakini Reggane yenyewe ni sehemu ya Touat, ukanda wa kale wa chemchemi na mitende, wenye vijiji, wakulima wa tende na njia za misafara. Wachache si sawa na hakuna. Neno tupu katika ramani za wakoloni tunalijua sisi pia: kwa kawaida lilimaanisha kwamba waliopo hawakuulizwa.

Wako waliosema kwamba Sahara ilichaguliwa kwa sababu za kijiografia tu. Kwao nina ushahidi mmoja. Mwaka huohuo wa 1960, mamlaka za nishati ya atomiki za Ufaransa zilitafuta mahali pa kufanyia majaribio ya chini ya ardhi, zikaitupia macho Argentella, machimbo yaliyoachwa katika kisiwa cha Corsica. Wakazi wa Corsica walipopata habari waliandamana, viongozi wao wakapinga, na mpango ukaachwa kabla mwaka haujaisha. Corsica ilikuwa na wapiga kura na wabunge ambao Paris ilihitaji kura zao. Waliokataliwa Corsica walichimba handaki katika milima ya Hoggar, nchi ya Watuareg. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Si kwamba Waafrika walinyamaza. Novemba 1959 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa msukumo wa nchi za Afrika na Asia, lilipitisha azimio la kuiomba Ufaransa iache mpango huo. Desemba, kundi la wapinzani wa silaha za nyuklia liliondoka Accra kwa magari likikusudia kufika Reggane na kusimama mbele ya bomu. Ndani yake walikuwamo Waghana, kasisi Michael Scott wa Kanisa la Anglikana, Ntsu Mokhehle wa Basutoland ambayo leo ni Lesotho, na Wamarekani weusi Bayard Rustin na Bill Sutherland. Huyu Sutherland baadaye alihamia Dar es Salaam na kuishi Tanzania miaka mingi. Kundi lilizuiwa na askari wa Kifaransa lilipoingia Volta ya Juu, leo Burkina Faso. Bomu lilipolipuka, Kwame Nkrumah alizuia mali za makampuni ya Kifaransa nchini Ghana, na Moroko ikamwita nyumbani balozi wake. Januari 1961, baada ya jaribio la tatu, Nigeria iliyokuwa na umri wa miezi mitatu tu tangu uhuru ilimfukuza balozi wa Ufaransa. Ni vizuri vijana wetu wajue kwamba kitendo kimojawapo cha kwanza cha sera ya nje ya Nigeria huru kilikuwa kukataa sumu ya mionzi kwa niaba ya jirani ambaye bado hakuwa huru.

Jaribio la nne, Aprili 1961, lafaa kusomwa na kila anayetamani bomu kwa ajili ya nchi yenye jeshi lenye tabia ya kuingilia siasa. Lilifanyika siku zilezile ambazo majenerali wa Kifaransa walikuwa wameasi na kuuteka mji wa Algiers wakipinga mazungumzo ya uhuru wa Algeria. Kwa siku kadhaa bomu la atomiki lilikuwa katika jangwa lilelile ambalo waasi walidai kulitawala. Likalipuliwa tarehe 25, likiwa na nguvu ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Ripoti ya kijeshi iliyovuja mwaka 2010 ilionyesha kwamba baada ya mlipuko huo askari wa Ufaransa walipelekwa karibu na kitovu chake kufanya mazoezi, ili ionekane mwili wa mwanadamu na moyo wake unavyostahimili vita vya atomiki. Kwa hiyo hata raia wa mwenye bomu hawakusalimika. Aliyezoea kutowauliza wengine hufika mahali asiwaulize hata watoto wake.

Kuanzia Novemba 1961 majaribio yalihamia chini ya ardhi, In Ekker, ndani ya mlima wa mawe uitwao Taourirt Tan Afella. Tarehe 1 Mei 1962 lilifanyika jaribio lililoitwa Béryl. Mawaziri wawili, Pierre Messmer wa majeshi na Gaston Palewski wa utafiti wa sayansi, walikuja kutazama. Mlima haukuweza kulizuia bomu. Handaki lilipasuka, moto na mawe yaliyoyeyuka yakatoka, na wingu la mionzi likaenea juu ya wageni, askari na jangwa. Mawaziri walikimbia pamoja na wengine na kuoshwa. Palewski alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya damu, naye mwenyewe aliamini kwamba chanzo chake kilikuwa siku ile. Kifo cha waziri kiliandikwa. Ya wachungaji waliokuwa upande ulikoelekea upepo hayakuandikwa na mtu.

Hapa tunafika mahali panapouma zaidi kwa msomaji wa Kiafrika. Mkataba wa Évian wa Machi 1962 uliomaliza vita vya Algeria uliiruhusu Ufaransa kuendelea kutumia maeneo yake ya Sahara kwa miaka mitano. Algeria ilipata uhuru Julai mwaka huo. Kati ya majaribio yote 17 yaliyofanyika katika ardhi yake, 11 yalifanyika baada ya uhuru, bendera mpya ikiwa inapepea Algiers, hadi Februari 1966. Siwahukumu wajumbe wa Évian kwa wepesi. Walikuwa wametoka katika vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu wao, na waliona kwamba jangwa kwa miaka mitano ni bei ya kulipika. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba bei hiyo waliilipa watu wa kusini, walio mbali na meza ya mazungumzo na mbali na mji mkuu. Kutokuulizwa hakukukoma kwa kubadilika rangi ya bendera.

Ufaransa ilipoondoka Sahara haikurudisha majaribio nyumbani kwake. Iliyahamishia visiwa vya Mururoa na Fangataufa, Polinesia ya Kifaransa, katikati ya bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka Paris. Huko ilifanya majaribio 193 kati ya 1966 na 1996. Mwaka 1968 ililipua bomu lake la kwanza la haidrojeni, lenye nguvu ya tani milioni 2.6 za TNT. Kwa miaka minane ya mwanzo ililipua angani, hadi Australia na New Zealand zilipoishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ndipo ikahamia chini ya ardhi. Julai 1985 maofisa wake wa ujasusi waliizamisha kwa mabomu meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior, bandarini Auckland, na mpiga picha Fernando Pereira akafa. Jaribio la mwisho lilikuwa tarehe 27 Januari 1996. Miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 11 Aprili, Afrika ilikutana Cairo kutia saini Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara lote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, nayo Ufaransa ikatia saini itifaki zake. Mkataba huo ulianza kufanya kazi Julai 2009, Burundi ilipokamilisha idadi ya nchi 28 zilizohitajika.

Matunda ya majaribio hayo yote yapo leo baharini. Tangu mwaka 1972 nyambizi moja ya Ufaransa yenye makombora ya nyuklia, walau moja, huwa inazunguka chini ya bahari usiku na mchana, na hakuna adui ajuaye ilipo. Mwaka 2020 Rais Macron alisema kwamba vichwa vya nyuklia vya nchi yake havifiki 300. Watetezi wa kinga ya vitisho husema: tazameni, hakuna hata kimoja kilichotumika vitani, na Ufaransa haijavamiwa. Hivyo ndivyo ilivyo. Lakini milipuko 210 imekwisha kutokea, yote nje ya Ulaya. Kusema kwamba silaha hii haijatumika ni kukubali kwamba kilichotokea Reggane, In Ekker na Mururoa hakihesabiwi kuwa matumizi. Nani aliyeamua hivyo?

Sasa nigeukie hoja ya wanafunzi wangu, maana wanastahili jibu la kweli na si mahubiri. Muhula uliopita kijana mmoja aliniambia: “Mwalimu, Gaddafi aliuacha mpango wake wa nyuklia mwaka 2003, akauawa 2011. Ukraine iliziachia silaha za Kisovieti mwaka 1994 kwa ahadi za maandishi, ikavamiwa. Korea Kaskazini imeng’ang’ania zake, na hakuna anayeigusa. Kwa nini sisi tusijifunze?” Darasa lilimpigia makofi, na sikushangaa. Mifano yake ni sahihi. Zaidi ya hayo, ana mtangulizi mkubwa. Katika Mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipendekeza waziwazi kwamba nchi kubwa za Afrika, zikiwamo Nigeria na Zaire, zijipatie silaha za nyuklia. Aliamini kwamba wakubwa wa dunia hawatakubali kuziteketeza zao mpaka waone kwamba hata wale wanaowadharau wamezipata.

Nilimjibu kijana yule kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba bomu huzuia tishio la aina moja tu. Ufaransa ilipata bomu Februari 1960, na Julai 1962 ikaipoteza Algeria. Silaha iliyolipuliwa katika jangwa lile haikuweza kulishikilia jangwa lenyewe, kwa kuwa waliolidai walikuwa wenyeji wake. Afrika Kusini ya makaburu nayo ilichimba mashimo ya majaribio Vastrap, katika jangwa la Kalahari, na kisha ikaunda mabomu sita kwa siri. Mabomu hayo hayakumzuia mama wa Soweto kuandamana wala mfanyakazi kugoma. Utawala ule uliyafumua wenyewe, na Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalitangazia Bunge kwamba yalikuwapo. Tukitazama kwa uaminifu yanayoziangusha serikali zetu na kuwaua watu wetu, tutaona njaa, madeni, rushwa, uasi wa kijeshi na chuki za wenyewe kwa wenyewe. Hakuna nyambizi inayolenga shabaha hizo.

La pili ndilo kiini cha makala hii. Nilimwomba aje mbele ya ramani ya Afrika Mashariki iliyotundikwa ukutani, anionyeshe mahali tutakapolijaribu bomu letu. Alitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilikwenda kaskazini mwa Kenya, kikasita, kikashuka kwenye nyika za wafugaji upande wetu, kikasita tena. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo kwao. Hakuna aliyecheka. Kila ramani ya nchi ina sehemu ambayo watawala huiona tupu, na kila sehemu tupu ina mtu aitwaye mama na mwanawe. Tukitaka bomu hatutaepuka kutafuta Reggane yetu, na tofauti pekee itakuwa kwamba aliyeichagua ni ndugu.

Hili si swali la siku za mbali. Urani iliyochimbwa Mounana nchini Gabon kuanzia 1961 hadi 1999, na ile ya Arlit nchini Niger kuanzia 1971, ilikwenda Ufaransa. Sisi wenyewe tunayo urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Uchimbaji wa madini hayo kwa ajili ya umeme si kosa, na sitaki msomaji achanganye mgodi na bomu. Ila maswali ya awali ni yaleyale: nani aliambiwa nini, kwa lugha gani, na karatasi zimehifadhiwa wapi?

Hilo la karatasi nalielekeza hasa kwa watumishi wa umma wanaonisoma. Mwaka 2010 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwafidia waathirika wa majaribio, iitwayo kwa jina la waziri Hervé Morin. Mwombaji hana budi kuthibitisha kwamba alikuwa mahali fulani katika tarehe fulani, na kwamba ugonjwa wake umo katika orodha. Askari wa Ufaransa alikuwa na jalada lake la utumishi. Mtuareg aliyehamahama na ngamia wake mwaka 1962 hakuwa na cheti cha makazi, wala daktari wa kumwandikia ugonjwa wake. Ndiyo maana Waalgeria waliofanikiwa kulipwa ni wachache mno. Upande wa pili, sheria ya kumbukumbu ya Ufaransa ya mwaka 2008 inafunga daima nyaraka zinazoweza kufichua ujuzi wa kutengeneza silaha za maangamizi. Lengo lake laeleweka, lakini chini ya mwavuli huo zinaweza kufichwa hata ramani za mahali mitambo na vyuma vyenye mionzi vilipofukiwa mchangani. Ripoti ya mwaka 2020 ya ICAN Ufaransa na Observatoire des armements ilidai ramani hizo zitolewe. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliotembelea maeneo hayo mwaka 1999 walishauri watu wazuiwe kuingia sehemu kadhaa, ikiwamo ile ya mawe yaliyomwagika siku ya Béryl. Aliyeathirika hudaiwa ushahidi, na aliyetenda hushika ufunguo wa kabati la ushahidi.

Kwa wanaharakati nina neno moja pia, nalo ni la kuheshimu ukweli hata pale usipotupendeza. Februari 2021 vumbi la Sahara lilivuka Mediterania na kuangukia milima ya Ufaransa, na maabara moja ikapima ndani yake alama za sizi-137, mabaki ya milipuko ya nyuklia. Magazeti mengi yalisema mchanga umerudi kwa mwenyewe, na wengi wetu tuliipenda hadithi hiyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kuhusu vumbi kama hilo la mwaka 2022 uligundua kwamba alama za plutoni ndani yake zinalingana na mabaki ya majaribio ya Marekani na Umoja wa Kisovieti yaliyotapakaa dunia nzima, na si ya Kifaransa. Baadhi watasema habari hii inaipunguzia Ufaransa lawama. Mimi naona inatuambia jambo zito zaidi: wakubwa walipokuwa wakijaribiana kinga zao, mchanga wa Afrika ulipokea majivu hata ya mabomu yaliyolipuliwa mabara mengine. Na kesi ya Reggane haihitaji kutiwa chumvi. Inatosha kusemwa kama ilivyo.

Julai 2021, akiwa Papeete, Rais Macron alikiri kwamba Ufaransa ina deni kwa watu wa Polinesia. Hakuomba radhi. Deni lina faida moja kuliko radhi, kwamba linaweza kuhesabiwa na kudaiwa. Basi lihesabiwe na la Algeria: ramani za taka zitolewe, sehemu hatari zisafishwe au zizungushiwe uzio, wagonjwa wa Reggane na In Ekker wafunguliwe njia ya fidia isiyodai cheti ambacho hakuna ofisi iliyowahi kukitoa. Serikali za Afrika zilizotia saini Pelindaba zina haki ya kulisema hilo kwa pamoja, kama zilivyofanya mwaka 1960 zikiwa changa na maskini kuliko leo.

Na kwa yule anayeamini bado kwamba heshima ya Afrika iko katika bomu, simnyimi haki ya kuamini. Namwomba afuate utaratibu ambao Ufaransa haikuufuata. Achague mahali kwenye ramani, asafiri hadi huko, akae na wenyeji chini ya mti wao, awaeleze kwa lugha yao kitakacholipuliwa na kitakachobaki. Kisha asikilize jibu lao kabla ya kuchimba shimo.